Klementi Andrea Chitanda, Aliyeanza na Nyumba ya Dada Yake

Baba Paroko, masheikh na majirani mliotoka Namilola kutusindikiza, watumishi wa mji, ndugu, jamaa, na ninyi watani msiojua kunyamaza: familia ya mzee Andrea Chitanda inawaomba mketi vizuri, maana wasifu huu hautasomwa mbio. Familia imekubaliana sifa za kupakwa mafuta zisiwemo. Marehemu alizichukia akiwa hai, na leo hawezi kuzikataa, kwa hiyo itakuwa ni kumwonea.

Klementi alizaliwa hapa hapa Rutamba, Jumamosi tarehe 23 Novemba 1974, siku ya Mtakatifu Klementi, ndiyo maana jina lake halikutafutwa. Alikuwa mtoto wa mwisho kati ya wanne wa mzee Andrea Chitanda, mkulima wa korosho, na mkewe Paskalina. Wawili walitangulia wakiwa wachanga. Wakabaki Monika na yeye. Mwaka 1982 mama yao akafariki, Klementi ana miaka saba na Monika kumi na tatu, na tangu siku hiyo aliyemwosha, aliyemchapa, aliyemtoa funza na kumfunga kifungo cha shati ni Monika. Aliyemzaa ni Paskalina. Aliyemlea mnamjua, na mdomo wake mnaujua.

Tabia yake ilionekana mapema. Mwaka huo huo baba alimtuma ahesabu mayai ya kuku aliyekuwa akiatamia nyuma ya jiko.

"Kumi na moja, baba."

"Juzi si yalikuwa kumi na mawili?"

"Yalikuwa. Moja tulilichemsha. Nusu nimekula mimi, nusu kala dada."

Wakachapwa wote wawili. Usiku haujaingia, Monika akamkamata sikio. "We mtoto, si ungesema umekula lote? Ungechapwa peke yako ukanisitiri!" Klementi akafuta machozi, akamwangalia kama anayeulizwa kitu kigumu. "Lakini dada, sikula lote." Monika alibeba fimbo tatu kwa ajili ya nusu yai. Alifikiri mtoto akikua ataacha.

Alisoma Shule ya Msingi Rutamba kuanzia 1983 hadi 1989. Mwaka anaanza, Monika alikuwa darasa la saba, na walikwenda pamoja asubuhi, yeye mbele, mdogo nyuma akihesabu mikorosho ya njiani. Monika hakuendelea. Nyumba ilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja wa kusoma, na hiyo nafasi alipewa Klementi, na Monika hajawahi kuijutia ila mara moja, itakayosemwa chini. Klementi alimaliza sekondari mjini Lindi mwaka 1993, akasomea afya ya mazingira chuoni, na mwaka 1998 akaajiriwa kuwa bwana afya. Alizunguka vijiji vya Lindi kwa baiskeli miaka kumi na moja akikagua vyoo na visima. Hapa Rutamba wapo waliokuwa wakimwona anakuja na kukimbilia kufagia.

Tarehe 14 Septemba 2002 alifunga ndoa takatifu na Skolastika Nnunduma. Mungu akawajalia watoto wawili, Leonard na Otilia. Skolastika ameomba lisemwe jambo moja tu kuhusu ndoa yake: kwamba katika miaka ishirini na mitatu mume wake hakumdanganya hata kuhusu chumvi ya mchuzi, na kwamba zipo siku alitamani amdanganye.

Mwaka 2009 alihamishiwa Mji Mdogo wa Namilola, pwani, njia ya Kilwa na Lindi, ambako Monika alikuwa akiishi tangu alipoolewa. Monika alishafiwa na mume. Alikuwa akiuza maandazi na pweza wa kukaanga ufukweni, na kwa biashara hiyo alijijengea nyumba ya vyumba vitatu mtaa wa Chumvini, tofali kwa tofali, akaipa baraza lenye nguzo mbili za saruji. Hakuna mwanamume aliyemsaidia hata msumari. Nyumba ile ndiyo ilikuwa cheti chake.

Mwaka 2015 mji ulimpa Klementi kazi mpya: kuandika kila mwaka taarifa ya mazingira. Bahari imefika wapi, mikoko imebaki kiasi gani, takataka zinachomwa wapi, viwanda vinaunguza nini. Wengi walidhani amepewa kazi ya kupumzika. Monika mwenyewe alimwambia, "Mdogo wangu, karatasi haizibi maji." Klementi akajibu, "Haizibi, dada. Lakini asiyejua maji yako wapi atazibaje?"

Taarifa ya kwanza, ya mwaka 2016, ilisema bahari ya Namilola haina neno. Wakubwa wakafurahi. Wakapigilia vigingi pale Chumvini, mita chache kutoka ufukweni, kijengwe kituo cha afya. Ndipo mvuvi Abdulatifu, Mmatumbi wa Kinjumbi, mtani wetu, aliyekaa leo mbele pale na kofia yake, akaingia ofisini bila kubisha hodi.

"Mmwera wewe, bahari umeipima saa ngapi?"

"Kila Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mwaka mzima sijakosa."

Abdulatifu akakaa chini sakafuni kwa kucheka. "Saa tatu! Saa ya chai! Bwana weee, siku za bamvua, bahari inapojaa hasa, saa tatu asubuhi maji yamekupwa, wake zetu wako mwambani wanachokoa pweza. Na ukiyakuta maji saa tatu, hayo ni maji mafu, ya mwezi nusu, hayana nguvu hata ya kubeba ndara. Umempima mtu kimo amelala!"

Ni kosa ambalo angelifanya mtoto wa Rutamba tu, mbali na bahari. Huku kwetu kisima ukikipima asubuhi au jioni ni kile kile. Klementi hakubisha. Aliuliza tu, "Anasimama saa ngapi?" Abdulatifu akamwambia: mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, saa kumi na kitu alasiri, wala hatazami kama ni Jumatatu au sikukuu.

Akatafuta mahali pa kupimia, akaona nyumba iliyo karibu zaidi na maji ni ya dada yake. Akaja na rangi nyekundu, akachora mistari ya sentimita kwenye nguzo ya baraza, kuanzia mchangani kwenda juu. Monika akampikia chai na kumsifu kwa majirani: "Nguzo yangu imeingia serikalini." Hakujua kwamba amemkaribisha shahidi wa kumshtaki, akamwekea na sukari. Kizingiti cha mlango wake kilikuwa kwenye alama ya sitini. Bamvua kubwa la mwaka 2017 lilifika kumi na moja.

Taarifa ya mwaka huo ilianza kwa maneno haya, ambayo familia imeyanakili kama yalivyo: "Taarifa ya mwaka jana ina kosa. Kosa ni langu. Nilipima kwa saa ya ofisi, si kwa saa ya bahari." Mkubwa wake wa wakati ule, tumsitiri jina, alimwita.

"Klementi, serikali haikosei kwa maandishi. Ng'oa ukurasa huu."

"Mzee, nikiung'oa, kituo cha afya kitajengwa majini."

Alipelekwa kusimamia vyoo vya soko miezi minane. Alivisimamia vizuri sana. Kisha mkubwa akahamishwa, akaja mama mmoja msomaji, akauona ukurasa ule kwenye jalada. Akasema mtu anayejishtaki mwenyewe ukurasa wa kwanza, kurasa zilizobaki ni za kuaminiwa. Vigingi vya Chumvini vikang'olewa, kituo kikajengwa juu mlimani. Mkumbuke kituo hicho.

Tangu hapo taarifa ya Klementi ilibandikwa ubaoni na kusomwa kwa sauti kwenye mikutano ya mitaa, watu wakaja kuisikiliza kama wanavyokuja kusikiliza kesi. Ya mwaka 2018 ilikihusu kiwanda cha kubangua korosho. Klementi alikaa barabarani siku tisini akihesabu malori ya kuni. Meneja akamwita kwa upole, akamwagizia soda.

"Bwana Chitanda, wewe andika tu 'kuni'. Neno 'mikoko' lina haja gani?"

"Haja ni kwamba ni mikoko."

Akaandika: malori mia tatu na kumi na mawili, yote mikoko, na mahali ilipokatwa bahari imeula ufukwe hatua kumi na tisa. Kiwanda kilikasirika. Lakini taarifa ilikuwa imeshabandikwa, na kitu kikishasomwa na watu hakirudi mfukoni. Ikawafikia wanunuzi wa korosho huko ng'ambo, wakaandika kuuliza. Mwaka uliofuata kiwanda kilibadili tanuri, kikaanza kuunguza maganda ya korosho yake chenyewe, yaliyokuwa yakitupwa, na kikawalipa akina mama wa Namilola kupanda mikoko. Meneja yule yuko hapa leo. Jana alimwambia mjane, "Marehemu alituudhi, mama, lakini alituudhi kwa faida." Salamu zake zimepokewa.

Sasa linakuja lile ambalo lingerukwa kama anayesomewa angekuwa mtu mwingine.

Mwaka 2019 mji uliahidi viwanja vya mlimani kwa watu ambao nyumba zao zingefikiwa na maji kabla ya mwaka 2030, ila kwanza ipatikane orodha. Klementi akaiandika. Nyumba arobaini na moja. Jumamosi moja alasiri, kwenye uwanja wa Chumvini, mbele ya mtaa mzima, akafungua karatasi na kusoma: "Namba moja. Nyumba ya Monika Andrea Chitanda."

Monika alisimama hapo hapo na kanga yake kiunoni.

"Rudia."

"Namba moja, nyumba ya Monika Andrea Chitanda. Alama ishirini na tatu, inapanda."

"Kikulacho ki nguoni mwako! Nguzo yangu, chai yangu, na bado unanitoa mimi wa kwanza? Ungeiacha ya dada yako, nani angejua?"

"Dada," akasema, "nikiiacha ya kwako, hizi arobaini nitazisoma kwa mdomo upi?"

Monika akamwambia mbele ya watu kwamba anajuta kubaki nyumbani ili yeye asome. Hiyo ndiyo ile mara moja. Klementi akasoma namba mbili, akasoma namba tatu, mpaka arobaini na moja. Na watu wa Chumvini, waliokuja wamejiandaa kumzomea, wakarudi makwao bila kumzomea. Abdulatifu, namba kumi na nne, alisema njiani, "Kamtoa dada yake. Basi ni kweli." Kabla ya mwisho wa mwaka 2021 nyumba zote arobaini na moja zilikuwa tupu. Monika alihama wa mwisho. Alipewa kiwanja kizuri, juu, chenye upepo, na miaka miwili hakusema na ndugu yake neno zaidi ya "marahaba."

Kimbunga cha Mei 2024 mnakikumbuka. Bahari iliingia Chumvini ikabomoa nyumba kumi na saba. Hakufa mtu, hakufa hata mbuzi, maana hapakuwa na wa kufa. Siku ile watu wa mlimani walipikiana uji na kumtaja Klementi. Monika naye alikoroga uji, na hakumtaja. Moyoni alilijua neno analodaiwa kumwambia, nalo ni fupi, maneno matatu tu. Alijiambia ndugu yake bado ni mdogo, muda upo.

Muda haukuwepo. Figo za Klementi zilikuwa zimeanza kusumbua tangu Agosti 2023. Alitibiwa Lindi, akapelekwa Dar es Salaam, akawa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila alipopata nafuu alirudi kupima. Monika alikwenda kumuuguza bila kuitwa. Alimpikia, alimkanda miguu, alimkaripia akiacha kula, alimwambia yote isipokuwa lile moja. Septemba mwaka huu Klementi aliomba arudishwe nyumbani. Alilazwa kituo cha afya cha Namilola, kile kile cha mlimani, wodi yenye dirisha linalotazama Chumvini. Leonard alikuwa mitihanini Dar es Salaam. Waliobaki kando ya kitanda ni Skolastika na Monika.

Jumatano tarehe 8 Oktoba 2025, baada ya adhuhuri, alifumbua macho.

"Dada. Mwezi mpevu ulikuwa jana."

"Pumzika."

"Leo bamvua. Nani kapima?"

"Watapima, Klementi. Mji una watu."

"Mji hauna mtu. Wamesema mpaka Jumatatu." Akacheka kidogo, kicheko kikamwishia. "Jumatatu tena. Nenda wewe."

"Mimi? Nirudi kwenye nyumba uliyonitoa?"

"Nguzo ni yako, dada."

Monika hakuwa amekanyaga Chumvini tangu alipohama. Pale pale kitandani alilishika lile neno ulimini, akasema moyoni nitamwambia nikirudi na namba, litakuwa na ushahidi. Akavua viatu, akashuka mlima. Alikuta nyumba yake imesimama bila bati, mlango umekwenda, bahari imekaa barazani kama mgeni aliyechoka kungoja wenyeji. Akaingia majini mpaka magotini. Saa kumi na nusu alasiri maji yalisimama, akasoma alama, akasoma tena, akasoma mara ya tatu ili asije akaulizwa. Akaiandika kwa wino kiganjani kwa sababu karatasi ingelowa. Akapanda mlima akikimbia, na magoti yake si ya kukimbia.

Skolastika alikuwa amesimama mlangoni. Klementi Andrea Chitanda alifariki saa kumi na nusu alasiri, ametulia, uso umeelekea dirishani. Alikuwa amebakiza siku arobaini na sita atimize miaka hamsini na moja. Sakafu ya wodi ilikuwa kavu.

Watani nao wametimiza haki yao. Jana mchana Abdulatifu alishuka kaburini na futi kamba, akapima huku na huku, akapiga kelele, "Kaburi hili liko chini! Limo kwenye orodha, namba moja! Mhamisheni Mmwera, hatakubali!" Watu wakacheka. Kisha akabaki mle ndani, ameshika futi yake, hapandi, mpaka wachimbaji wakamtoa kwa kumshika mikono.

Marehemu ameacha mjane, Skolastika. Watoto wawili, Leonard na Otilia. Baba mzazi, mzee Andrea, mwenye miaka themanini na minane, aliyeuliza jana kama mayai yamehesabiwa. Mashemeji, wapwa na watani wengi. Nyumba arobaini na moja zilizoko pakavu. Na dada mmoja, Monika, ambaye wino wa kiganjani haujatoka kwa sababu hajakubali kunawa mkono huo kwa sabuni.

Mji umeomba namba ya mwisho iingizwe kwenye taarifa ya mwaka 2025. Familia imeona isomwe kwanza hapa, mbele ya aliyeiagiza, maana ilimfikia amekwisha kuondoka. Nguzo ya baraza, nyumba namba moja, Chumvini. Tarehe 8 Oktoba 2025, bamvua. Kizingiti ni sitini. Maji yalifika alama ya sitini na mbili. Amepima Monika Andrea Chitanda, kwa saa ya bahari.

Ulisema kweli, Klementi.

Mwenyezi Mungu amlaze pakavu, na apumzike kwa amani.